Mgonjwa wa mashine ya kupumulia, kutoka Mbale hadi Kampala: kwa nini mtungi uliisha Mabira

Swali: Mimi ni muuguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi hapa Mbale. Hivi karibuni tulimsindikiza Kampala mgonjwa aliyekuwa kwenye mashine ya kupumulia. Tulichukua mtungi mmoja wa oksijeni, ule uliopigwa mhuri wa lita 10, geji ikisoma bar 137, yaani umejaa kabisa. Tulipoingia msitu wa Mabira oksijeni ikakata. Tukapuliza kwa ambu, ule mfuko wa kubonyeza kwa mkono, mpaka Lugazi, saturesheni (oksijeni iliyomo kwenye damu) ikiwa chini ya asilimia 80. Mgonjwa alifika hai, lakini tangu siku hiyo nikisikia neno rufaa moyo unanienda mbio. Sasa tuna kijana wa boda boda, kilo 65, ameumia kichwa, damu imevilia ndani ya fuvu, na wapasuaji wa ubongo Kampala wamekubali kumpokea. Yuko kwenye FiO2 (kiwango cha oksijeni katika hewa anayovuta) ya asilimia 50 na PEEP (presha inayobaki mapafuni mwisho wa pumzi) ya 6. Tulikosea wapi, na safari hii tujipange vipi?

Jibu: Dada, mtungi wenu haukuvuja. Uliisha pale ulipotakiwa kuisha, na hesabu yake ingeweza kufanywa kwa kalamu kabla hamjatoka wodini.

Gesi iliyomo mtungini ni ujazo wa mtungi mara presha ya geji. Lita 10 mara bar 137 ni lita 1,370. Mashine ndogo za safari zinazosukumwa na gesi yenyewe, zikiwekwa kwenye oksijeni tupu bila kuchanganya hewa ya nje, zinakula pumzi yote ya mgonjwa na kuongeza juu yake karibu lita 1 kwa dakika ya kujiendesha. Mgonjwa anayepewa lita 9 kwa dakika anamaliza lita 10. Gawanya 1,370 kwa 10, unapata dakika 137, yaani saa mbili na dakika 17. Hapo bado hujatoa dakika za kumpakia garini huku mashine ikiendelea kula. Kutoka Mbale kwa barabara ya Tirinyi, Iganga, Jinja, ukivuka Nile muda huo unakuta miti ya Mabira. Mlitoka na oksijeni ya nusu safari.

Tena zile bar za mwisho hazitumiki. Mashine nyingi za safari zinataka presha ya kuingilia ya bar 2.8 hadi 6, na geji ya mtungi ikishuka karibu na sifuri haiaminiki. Mtungi ubadilishwe geji ikifika bar 20 au 30, gari likiwa limesimama, wala msingoje kengele.

Sasa kijana wenu. Tuseme ana urefu wa sentimita 170. Mapafu hupimwa kwa urefu, si kwa kilo za mizani, na urefu huo unatoa uzito wa makadirio wa kilo 66. Pumzi ya mililita 450, mara 16 kwa dakika, ni lita 7.2. Muda usihesabiwe wa barabarani peke yake: nusu saa ya kumpakia, saa nne na nusu za njia, nusu saa ya msongamano, lifti na makabidhiano. Hizo ni dakika 330.

Kama mashine ni ya aina ile isiyochanganya, piga lita 8.2 kwa dakika, kisha ipandishe iwe 10, kwa sababu viungio huvuja na mgonjwa akichangamka hupumua zaidi. Dakika 330 mara 10 ni lita 3,300. Kanuni inayookoa watu ni kubeba mara mbili ya hesabu: lita 6,600. Hiyo ni mitungi mitano ya lita 10, au ule mtungi mkubwa aina ya J wenye lita 6,800, lakini J hauingii ambulensi yoyote ila iliyotengenezewa mahali pa kuufunga.

Kama mashine ni ya tabo, inayovuta hewa ya nje na kuichanganya na oksijeni, mambo yanapungua sana. Oksijeni inayotoka mtungini ni mtiririko wote mara (FiO2 toa 0.21), kisha gawanya kwa 0.79. Mtiririko wote ni lita 7.2 za pumzi pamoja na ule unaopita mfululizo ndani ya mipira, ambao kila mashine ina wake. Someni kitabu chake. Tukiuchukulia lita 3, jumla ni 10.2. Kwenye asilimia 50 hiyo ni lita 3.7 kwa dakika, yaani lita 1,230 kwa safari nzima, na mara mbili yake ni 2,460. Msiishie hapo. Mgonjwa akiharibika njiani mtampandisha hadi asilimia 100, na kwa kiwango hicho dakika 330 zinataka lita 3,370. Kwa hiyo mitungi mitatu, lita 4,110, ndiyo ya chini kabisa. Mimi nisingetoka na miwili hata mashine ikiwa mpya kiasi gani.

Juu ya hiyo, wekeni mtungi mmoja mdogo, wa lita 680 hivi, usioguswa na mashine. Huo ni wa ambu. Ambu isiyo na oksijeni inapuliza hewa ya asilimia 21 tu, ndiyo maana saturesheni yenu ilikwama chini ya 80 ingawa mlikuwa mnapuliza vizuri. Ikiwa na ule mfuko wake wa akiba na lita 10 hadi 15 kwa dakika, inakaribia asilimia 100. Ipachikwe na valvu ya PEEP kama mnayo.

Mitungi yenyewe ina visa vyake hapa kwetu. Mingine ina mdomo wa kokwa, mingine ya matundu ya pini, na regyuleta (kifaa cha kupunguza presha ya gesi) ya mmoja haikai kwenye mwingine. Mnaweza kuwa na mitungi mitano iliyojaa na regyuleta inayoshika miwili. Kila mtungi utakaopanda garini ufungwe regyuleta yake wodini, ufunguliwe taratibu, usomwe, ufungwe, halafu geji iangaliwe kwa dakika moja. Sindano ikishuka pana uvujaji, mara nyingi ni kile kipete cha mpira cha kuzuia uvujaji kilichochakaa au ambacho hakipo kabisa. Bebeni vipete viwili vya ziada na spana ifungwe kwa kamba kwenye mtungi, maana spana hupotea wakati ule ule inapotakiwa. Someni lebo, msiamini rangi: mitungi ya zamani ni myeusi yenye mabega meupe, mipya ni meupe yote. Grisi, mafuta ya kupaka mikononi na jeli visiguse valvu. Oksijeni ya presha ikikutana na mafuta inawaka. Na mitungi yote ilazwe na kufungwa kwa mikanda. Mtungi uliosimama bila kufungwa, dereva akipiga breki kwa ajili ya lori la miwa pale Kakira, unaweza kuua aliyemo.

Hayo ni ya oksijeni, na nimeyakalia kwa sababu ndiko mlikoumia. Lakini kijana huyu anaweza kuharibika hata oksijeni ikiwa tele, na hapa ndipo ninapoomba mnisikilize zaidi: safari ianzie kitandani. Mashine ya safari iungwe kwa mgonjwa akiwa bado wodini, kwa mtungi wenyewe utakaopanda gari, na kwa betri, waya wa ukutani ukiwa umechomolewa. Akae hivyo dakika 20. Ni mgonjwa wa damu ndani ya fuvu na kila saa ina thamani, najua, lakini dakika hizo zinaingia ndani ya muda ule ule ambao wenzenu wanaandika barua ya rufaa na kupanga gari. Hazicheleweshi kitu.

Katika dakika hizo mtaona yote ambayo mngeyaona Tirinyi. Mashine ya wodini ni ya kisasa na inamfuata mgonjwa. Ile ndogo pengine haina akili hiyo, na mgonjwa aliyekuwa ametulia anaanza kupigana nayo. PEEP inasahaulika, kwa sababu kwenye mashine nyingine ni valvu inayofungwa pembeni na si namba ya kwenye kioo. Presha ya juu ya kifua inapanda kutoka 20 hadi 35 kwa sababu kasi ya kupuliza ni tofauti. Betri inayodaiwa kukaa saa nne inaanza kulia baada ya dakika 15, kwani saa nne za kitabuni ni za betri mpya. Saturesheni ikiwa imara, presha ya damu haijashuka na hewa ya kaboni (kaboni dayoksaidi anayoitoa mgonjwa) ipo pale pale mlipoiacha, basi mna mgonjwa wa kusafiri. Kama hajatulia ndani ya dakika hizo, hatatulia barabarani. Mgonjwa anayehitaji FiO2 ya 70 na PEEP ya 12 ili apate saturesheni ya 90, au ambaye noradrenalini yake (dawa ya kupandisha presha ya damu) inapandishwa kila nusu saa, arekebishwe kwanza, na daktari mpokeaji aambiwe hivyo hivyo kwa simu. Kijana wenu, kwa namba mlizonipa, hayuko huko.

Kwa ubongo ulioumia, kipimo cha hewa ya kaboni ni cha lazima kuliko kwa mgonjwa mwingine yeyote. Kaboni ikishuka sana mishipa ya ubongo inajibana na damu inapungua. Ikipanda, mishipa inatanuka na presha ndani ya fuvu inaongezeka. Lengeni 35 hadi 40 mmHg. Hapa pana mtego mmoja usiotajwa mara nyingi. Baadhi ya monita huonyesha kaboni kwa asilimia, na vitabu vinasema asilimia 5 ni sawa na 38. Hiyo ni pwani. Mbale iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, presha ya hewa ni karibu 665 mmHg badala ya 760, na asilimia 5 ya 665 ni 33. Ukiisaka ile 5 ya kitabu unakuwa umempumulisha kupita kiasi. Wekeni monita ionyeshe mmHg kama inakubali. Kama haikubali, lengeni asilimia 5.5 hadi 6. Na kama kuna kipimo cha gesi za damu, kipigeni mara moja mgonjwa akiwa kwenye mashine ya safari, mlinganishe namba ya damu na ile ya monita. Tofauti hiyo ndiyo mtakayoitumia njia nzima.

Ambu nayo huleta shida hiyo hiyo. Mtu mwenye hofu hubonyeza mara 30 kwa dakika bila kujijua. Bonyeza, kisha hesabu taratibu mpaka nne kabla ya kubonyeza tena, na mkono mmoja unatosha kwa mtu mzima wa ukubwa huu.

Mrija wa koo uandikwe kina chake kwenye meno, kwa kawaida 22 au 23 kwa mwanamume, na namba hiyo ibandikwe kwa plasta kifuani ili kila mtu aione. Kwa mgonjwa wa kichwa, mrija ushikiliwe kwa plasta usoni. Kamba inayobana shingo inazuia damu kurudi kutoka kichwani. Kola ya shingo vilevile isikazwe kupita haja. Puto la mrija lipimwe, kati ya 20 na 30 cmH2O, siyo kukisia kwa kidole. Mrija wa tumbo uwe wazi unamwaga kwenye mfuko. Makohozi yanyonywe kabla ya kuondoka. Chujio la unyevu liwe jipya, na mawili yawe akibani: likilowa makohozi linaziba na mtadhani mapafu yamegoma.

Vijana wa boda boda wanaoumia kichwa mara nyingi wameumia na mbavu. Kabla hajatoka, mtu aangalie picha ya kifua au ultrasaundi kwa swali moja tu: kuna hewa nje ya pafu? Hewa kidogo isiyo na madhara kwa mtu anayepumua mwenyewe inaweza kuwa ya kuua chini ya mashine, na kuweka mrija wa kifua wodini ni rahisi mara kumi kuliko kando ya barabara Namutumba. Akiwa na mrija huo, usibanwe kwa kibano hata mara moja, na chupa yake ikae chini ya kifua, wima.

Dawa. Itifaki ya hospitali yenu ndiyo inayotawala dozi; mimi nawapa namna ya kukadiria wingi. Midazolamu, dawa ya usingizi, ya miligramu 3 kwa saa kwa saa tano na nusu ni miligramu 17 hivi. Bebeni mara mbili, na kwa ampuli za miligramu 15 hizo ni tatu. Fentanili, ya maumivu, kwa mikrogramu 1 hadi 2 kwa kilo kwa saa, hesabu ni ile ile. Zote ziwe zimeshavutwa kwenye sindano na kuandikwa jina na nguvu, kwa sababu hakuna anayevunja ampuli vizuri kwenye matuta. Dawa ya kulegeza misuli iwepo, lakini isitolewe kwa mgonjwa ambaye hajalazwa usingizi sawasawa. Pia inaficha degedege, na mrija ukichomoka hataweza kuvuta hata pumzi moja ya kwake. Adrenalini nyepesi, ya presha ikianguka: miligramu 1 ndani ya mililita 100 za saline inatoa mikrogramu 10 kwa mililita. Mililita 1, angalia, rudia. Bandikeni maandishi makubwa kwenye chupa hiyo.

Namba ya juu ya presha ya damu isishuke chini ya 110 kwa umri wake. Ikishuka hata kwa dakika chache, ubongo unaumia mara ya pili, na jeraha hilo linaweza kuwa baya kuliko la kwanza. Maji yawe saline ya kawaida, si dekstrosi. Manitoli (dawa ya kupunguza presha ndani ya fuvu) ya asilimia 20, chupa ya mililita 500, iwemo garini na katheta ya mkojo iwe imeshawekwa. Iangalieni kwenye mwanga kama haijaganda chembe za kioo. Ikiganda hupashwa joto mpaka ziyeyuke, kisha hupoozwa kabla ya kutolewa.

Awe na kanula mbili nzuri, za kijani au kijivu, moja ikiwa na mpira mrefu unaofika mkononi mwa muuguzi aliyekaa. Pampu ya sindano iwe usawa wa moyo wa mgonjwa. Mkiinyanyua juu ya machela wakati wa kupakia, dawa humwagika ndani yake kwa mkupuo. Mkiishusha sakafuni, dawa inasimama kwa muda. Presha zinazopanda na kushuka bila sababu mlangoni mwa ambulensi mara nyingi zinatoka hapo.

Umeme wa gari ujaribiwe kwa vifaa vyote kwa pamoja: mashine, monita, pampu, kinyonya makohozi. Inverta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri ya gari uwe kama wa ukutani) inayobeba mashine peke yake bila shida inaweza kukata kinyonyaji kikiwashwa. Ijaribuni injini ikiwa inanguruma taratibu, kama itakavyokuwa kwenye foleni ya Mukono. Na kuwe na kinyonyaji cha mguu au cha mkono.

Watu wawili wa tiba nyuma, mbali na dereva, na mmoja wao awe anaweza kurudisha mrija wa koo bila kumpigia mtu simu. Kwenye hospitali zetu nyingi huyo ni afisa wa usingizi. Kama hapatikani, ngojeni apatikane. Nasema hivyo nikijua foleni yake ya upasuaji ilivyo, lakini kupeleka mgonjwa wa mrija na muuguzi mmoja asiyefundishwa kurudisha mrija ni kumwonea muuguzi na mgonjwa pia. Ndugu wa mgonjwa akae mbele na dereva au aje na gari lingine, akiwa na barua, picha za kichwa na simu yenye chaji.

Kumhamisha kutoka kitandani hadi machela ndiko mrija unakochomoka. Mmoja akae kichwani, vidole vyake vikishika mrija na taya kwa pamoja, na yeye peke yake ndiye anayetoa amri. Timu zetu zina Mgisu, Mteso, Muganda na Mswahili; neno la kunyanyua likubaliwe kabla, moja, na kila mtu alirudie. Mipira ya mashine isining'inie. Ifungwe mkononi mwa machela. Kisha, akishalala, angalieni tena kina kwenye meno na mchoro wa kaboni. Hivyo hivyo mkimwingiza garini, na hivyo hivyo mkimtoa. Kwa PEEP ya 6 hakuna haja ya kubana mrija wakati wa kubadilisha mashine. Kwa PEEP ya 10 na kuendelea hufaa, kwa muda mfupi sana, pumzi ikiwa ndani, na kamwe siyo mrija wenye waya ndani yake kwani ukiminywa haurudi.

Kichwa kiinuliwe nyuzi 30; kama uti wa mgongo haujathibitishwa kuwa salama, inueni machela nzima upande wa kichwa. Mboni za macho ziangaliwe kila dakika 15 na kuandikwa. Dereva aende mwendo mmoja, 80 ukitosha. King'ora ni cha kupishwa njia, si cha kukimbilia, na matuta ya barabarani yapandwe kama vile hakuna king'ora. Mkiweza kuchagua, tokeni saa nne asubuhi: mtafika saa nane na nusu hivi mchana, nje ya msongamano wa asubuhi na wa jioni. Mgonjwa wa damu inayoongezeka hachaguliwi saa; katika hali hiyo ongezeni saa moja ya oksijeni.

Andikeni kwenye karatasi, si kwenye simu tu, namba za zamu za hospitali za njiani: Iganga, Jinja, Kawolo pale Lugazi, Mukono. Hospitali ya rufaa ya Jinja ipigiwe kabla hamjatoka, iulizwe kama inaweza kuwabadilishia mitungi. Fanyeni uamuzi daraja la Nile, mkisoma geji: kama oksijeni iliyobaki haitoshi mara moja na nusu ya safari iliyobaki, msiingie Mabira. Geuzeni Jinja.

Na saturesheni ikianguka njiani, dereva asimame. Kwenye gari linalotembea huwezi kusikiliza kifua. Mtoe kwenye mashine mara moja, puliza kwa ambu iliyoungwa na mtungi wake mdogo. Msianze kwa kubonyeza vitufe vya mashine huku mgonjwa anageuka bluu. Akipanda na mkono ukahisi wepesi, tatizo ni la mashine, mipira au mtungi, nanyi mna nafasi ya kulitafuta. Mchoro wa kaboni ukiwa bapa, chukulieni mrija umetoka mpaka mhakikishe vinginevyo: kama umetoka, uondoeni, mpulizieni kwa barakoa, kisha afisa wa usingizi aurudishe gari likiwa limesimama. Mkono ukihisi ugumu, pitisha mpira wa kunyonya. Usipopita, mrija umekunjwa, umeng'atwa au umeziba. Ukipita vizuri na upande mmoja wa kifua haunyanyuki, presha ikishuka, ni hewa iliyonaswa: sindano ya 14 nafasi ya tano ya mbavu, mbele kidogo ya mstari wa katikati ya kwapa, halafu tundu la kidole au mrija, kwa sababu sindano peke yake huziba baada ya dakika chache. Kuna moja zaidi: ukimtoa kwenye mashine hewa ikatoka kwa muda mrefu na presha ikarudi yenyewe, pumzi zilikuwa zinalundikana, punguza idadi ya pumzi mkirudi kwenye mashine.

Mboni moja ikipanuka ghafla, hakikisheni kwanza mrija, oksijeni, presha, kichwa kimeinuka na usingizi unatosha. Kisha manitoli gramu 0.5 kwa kilo, yaani mililita 160 hivi kwake, ilimradi presha si ya chini. Hapo tu, na kwa muda mfupi, mnaweza kuongeza pumzi mpaka kaboni ifike 30 hadi 35, na mpokeaji Kampala apigiwe simu papo hapo ili chumba cha upasuaji kifunguliwe.

Kufika mlangoni siyo kufika. Toka gari hadi kitanda cha hospitali kubwa kuna veranda, lifti na kungoja, na mitungi mikubwa imebaki garini. Mtungi wa kwenye machela uwe na dakika 30 kamili, ambu iwe juu ya miguu ya mgonjwa, siyo ndani ya begi. Asihamishwe mpaka mashine ya pale imewashwa, imejaribiwa na namba zimewekwa mbele ya macho yenu. Toeni maelezo mara moja, kwa sauti, watu wote wakiwa wamesimama kusikiliza: jina, jeraha na saa lilipotokea, mboni, namba za mashine, kina cha mrija, dawa ya mwisho na saa yake. Kaeni dakika 15 akiwa kwenye mashine yao, angalieni namba, ndipo msaini.

Kabla ya kurudi, hesabuni regyuleta na spana zenu, na mashine iwekwe kwenye chaji humo humo garini. Rufaa ya pili inaweza kuwa inawangoja Mbale.